Oshurmo Aliyemrudishia Muuza Unga Kondoo Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Oshurmo, tuliyemzika Jumatatu hapa kwetu mpakani, kando ya mto Panj. Figo zilimshinda. Lakini watu hawakumshinda.

Mwanawe aliitwa Mamadsho. Alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mpiga rubabu wa harusini. Alianza kwa kuvuta heroini na wenzake, akaishia kujidunga. Mama yake alimkuta zizini, amekufa, sindano bado mkononi.

Ndugu wakamzunguka Oshurmo. Shemeji yake akamsihi, "Dada, sema ni moyo. Una binti wa kuozwa."

Maiti ilipotolewa uani, Oshurmo akasimama mbele ya waombolezaji.

"Moyo wa mwanangu ulikuwa mzima. Kilichomuua ni unga. Na anayeuuza yuko hapa, kavaa koti jipya."

Watu wakaangalia chini. Mwenye koti jipya alikuwa Kurbonsho, na biashara yake kila mtu aliijua.

Kesho yake Kurbonsho akaleta kondoo dume, achinjwe kwa ajili ya matanga. Oshurmo akamkokota kondoo yule mchana kweupe, kijiji kizima kikichungulia, akamfunga kwenye geti la Kurbonsho.

"Mama, utajiponza," mlinzi akamwambia.

"Nishaponzwa. Mwambie bosi wako nyama yake inanuka."

Wasikilizaji, hakuishia hapo. Mama Oshurmo alifungua nyumba yake kwa mateja waliotaka kuacha unga. Binti yake, Zarifamo, anasimulia: "Arosto ikiwabana walitapika, walitetemeka, walimtukana. Mama anawajibu, 'Tukana tu, ukimaliza unywe mchuzi.'"

Wapo waliotoroka na mablanketi yake. Wapo waliokufa. Na wapo waliopona, ambao baadhi yao wananisikiliza sasa hivi.

Halafu asubuhi moja, miti ya aprikoti ikichanua, Kurbonsho mwenyewe akabisha hodi. Amemshika mwanawe Shodikhon, kijana amebaki mifupa. Unga ule ule wa baba yake.

"Dada, nisaidie."

"Mtoto aingie. Wewe baki nje."

"Huyu ni mwanangu, Oshurmo."

"Na Mamadsho alikuwa wa nani?"

Zarifamo alimkuta mama yake jikoni, analia. "Nikamwambia, mfukuze huyo. Akasema, 'Nikimfukuza, Kurbonsho atakuwa ameua wawili.'"

Shodikhon alipona, akarudia unga, akapona tena. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilipomtembelea hakunificha: "Mimi ndiye niliyewapeleka polisi kwenye ghala la baba. Ukoo ukanisusa. Mama Oshurmo akanipa chumba, akasema nisimshukuru, nikafagie uwanja."

Kurbonsho yuko gerezani. Wengine wamechukua nafasi yake. Hilo sitawaficha.

Zarifamo, dada yangu, pole sana. Poleni ukoo mzima, poleni nyote mliokula mkate wa mama yule. Na wewe msikilizaji uliyemfungia mwanao chumba cha nyuma, unawaambia majirani ana mafua, jiulize unamlinda yeye au jina lako. Mtoe. Nyumba ya Mama Oshurmo haijafungwa, Zarifamo ameniomba nilitangaze hilo.

Nanyi wauzaji, najua mnasikiliza kipindi hiki. Mkija kwenye mazishi ya watoto wetu, msitarajie tena tuangalie chini. Tutawataja kwa majina, mmoja mmoja, mbele ya jeneza.