Historia ya Kimbunga, Fundi wa Madawati

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, karani wa masjala katika hospitali ya wilaya, ambaye mjomba amemsihi asubuhi hii aruke habari za gerezani ili tumzike mtu wetu kwa heshima, naye hataruka, kwa sababu binti wa marehemu, mwenye miaka saba, aliyeketi hapo mbele, alisimamishwa shule wiki jana kwa kurusha kiti, na huko ndiko baba yake alikoanzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1986, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, akaanza darasa la kwanza Januari 1993 katika shule iliyo nyuma ya soko, ambako hakuweza kukaa kitini dakika kumi, aliwauma wenzake, alipiga kelele akiguswa, na ndiko alikopewa jina la Kimbunga, ambalo sisi nyumbani tulilicheka, tukalizoea, mpaka akawa anaitikia hilo tu.

Tarehe 16 Machi mwaka huohuo alimrushia mwenzake kiti, mwalimu wa darasa akajaza fomu ya kumpeleka kwa mshauri wa watoto aliyefika kliniki kila Jumatano, fomu iliyohitaji saini tatu, ya mwalimu huyo, ya mzazi na ya mwalimu mkuu, akampa dada mtu, wakati huo darasa la tano, aipeleke nyumbani, baba akaisoma akiwa amesimama, akasema mwanawe si kichaa, akaikunja mara nne na kuisukumiza chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikaacha kuyumba. Mwalimu mkuu hakuuliza fomu iko wapi, na mwaka 1996 alisaini barua ya kumfukuza marehemu.

Kuanzia hapo marehemu hakukosa huduma, kwani alifuatwa kwa gari la polisi hadi mlangoni, alisikilizwa na mahakimu wanne, alipewa wakili bure, alilishwa, akavishwa na kulindwa kwa bunduki miaka saba na miezi minne, na kondakta wa basi aliyevunjwa naye taya katika ugomvi uliompeleka gerezani alipasuliwa mara mbili hospitalini, dada mtu ndiye aliyemfungulia jalada, na katika ofisi zote hizo hakuna aliyesema nafasi imejaa.

Gerezani alijifunza kuchomelea vyuma, akatengeneza madawati arobaini yaliyonunuliwa na shule ileile, watoto wanayakalia hadi leo, na hayayumbi.

Mwaka 2014 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa binti tarehe 20 Januari 2017, akaajiriwa katika karakana ya kuchomelea, ambako hasira ilipopanda alitoka nje na kuizunguka karakana mara mbili, dawa aliyojigundulia mwenyewe akiwa amepita miaka thelathini, wakati angeweza kufundishwa akiwa na saba.

Kifua kikuu alichotoka nacho gerezani kilimrudia mara tatu, kwa kuwa kila alipogombana na wauguzi aliacha dawa, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, wodi namba sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotukanwa wakarudi, majirani waliovumilia kelele zetu, na mafundi wenzake, waliokuwa wakimwambia, "Zunguka, kaka, kazi ipo tu."

Shukrani nyingine familia bado haijaweza kuitoa. Baba alipofariki mwaka 2012 tuliihamisha meza, fomu ikaonekana, saini ya mwalimu ikisomeka vizuri. Fomu kama hiyo ya binti yake imejazwa jana, mwalimu wake amesaini, mama yake amesaini, mwalimu mkuu wa shule yake yupo nasi safu ya pili, imebaki saini yake, kalamu anayo dada wa marehemu, na haondoki makaburini bila hiyo saini.

Kimbunga, mdogo wetu, maisha yako yote tulikuambia utulie, hakuna aliyekuonyesha namna. Pumzika kwa amani.