Kichuguu cha Mpakani na Ushanga wa Mumba

Mwaka wa 1931, katika cité ya Élisabethville, mtaa wa watu weusi, palikuwa na taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili mbele ya nyumba ya Mama Germaine, aliyeuza kahawa kila Jumapili baada ya misa. Kulia alikaa babu yangu Mwaba, mfanyakazi wa reli, kazi yake kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Katikati alikaa Kunda, aliyeitwa Dira kwa sababu aliwahi kuwabebea wapimaji vyombo vyao. Kushoto alikaa Donat, aliyeitwa Sahani kwa sababu alihudumia meza katika hoteli ya wazungu. Babu na Dira walikuwa wa ukoo wa Chui, Donat wa ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani: hutukanana bila kukasirikiana, na hakuna msiba wa mmoja unaofungwa bila mwenzake kuwapo. Shangazi zangu wakisimulia Jumapili ninayoieleza hapa huongeza mvua. Ulikuwa mwezi wa nane, mvua haikuwapo.

Serikali ya Wabelgiji huku na ile ya Waingereza ng'ambo, Rhodesia, zilikuwa zikigombania mpaka karibu na Sakania. Kizuizi kilikuwa kimefungwa miezi saba. Mtu mweusi hakupita bila karatasi yenye sahihi za pande zote mbili, na pande hizo zilikuwa haziandikiani barua. Sasa wajumbe wao walikuwa wakikutana hotelini kwa Donat ili wapatane, na kila Jumapili kijiwe kilimngoja yeye.

Babu alimngoja kuliko wote. Kaka yake, Mwansa, alifia ng'ambo mwezi wa kwanza. Mjane, Mumba, hakuweza kunyoa nywele, wala kulima, wala kurudi kwao, mpaka ndugu wa marehemu amfunge ushanga mweupe mkononi. Ndugu aliyebaki alikuwa babu peke yake. Mwezi wa pili alifika Sakania. Askari wa kizuizini alimwambia neno moja, karatasi, naye akageuka na kurudi mjini.

— Sahani, leta habari, alianza Dira. Ao mbuzi inakula tena makaratasi ya wazungu?

— Nyamaza, Chui. Kuku ya Mama Germaine inapotea, na weye njo uko na manyoya ku kinywa. Habari iko. Banapatana.

— Banapatana juu ya nini?

— Supu.

Donat alieleza kwamba siku mbili za kwanza zilipotea kwa sababu kila mjumbe alitaka kukaa akitazama mlango. Siku ya tatu meza iligeuzwa, mlango ukawa ubavuni mwa wote wawili, na wote wawili wakanuna sawasawa. Wahenga walishasema, aliongeza, fahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana walipewa hoteli.

Dira alisema Donat anajua vijiko tu. Kesi yenyewe ni ya kichuguu. Wapimaji walisimamisha nguzo ya mpaka juu ya kichuguu kirefu kama nyumba, yeye mwenyewe akibeba saruji. Mchwa hawakuacha kazi. Kichuguu kikakua, nguzo ikainama upande wa ng'ambo, na sasa Waingereza wanasema nguzo imewasalimu wao.

— Na Babeleji banasema nini? aliuliza Mama Germaine.

— Banasema mchwa beko ba huku. Banalala huku, banakwenda kule kwa kazi tu.

— Asiyefunzwa na mamaye, alisema Mama Germaine akimimina kahawa, na hakumalizia, kwa kuwa methali ile haikuwa na nafasi ya mchwa.

Donat hakukubali kushindwa na wadudu. Alisema alisikia kwa masikio yake kwamba mpaka utahamishiwa ndani ya gari-moshi: kila asubuhi dereva ataupakia Sakania, jioni ataurudisha. Dira akasema hapana, wafalme wao wataozana watoto, na mahari itakuwa ile nchi yote ya Sakania, watu na viazi vyao ndani yake.

— Siku gani batafungua? aliuliza babu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Donat. Njo kwanza banafika ku nyama.

Hapo alikuja mwanamke kutoka upande wa stesheni, kikapu kichwani, nywele ndefu zimefungwa kamba ya gome, alama ya mjane. Babu aliijua kamba ile kabla hajaujua uso. Alisimama.

— Mumba. Ulipita wapi?

— Ku njia. Ku kizuizi ya Sakania.

— Uko na karatasi?

— Karatasi ya nini?

Alitua kikapu. Alisema askari alimzuia, naye akamwuliza ni mtu wa ukoo gani. Askari akajibu, Chui. Basi yeye, mtoto wa Mbuzi, akamwambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuona paka amevalishwa kofia, na kama ana njaa aombe badala ya kukamata wake za watu barabarani. Askari alicheka mpaka akaegemea mti wa kizuizi. Akamtukana naye, kwa kirefu, kisha akaunyanyua.

— Ule muntu ni ndugu yako, Mwaba. Chui kama weye. Ulimuuliza ukoo yake?

Dira alichungulia ndani ya kikombe chake. Donat alijikuna goti.

Mumba alifungua kitambaa, akatoa ushanga. Alitazama taruma lile kutoka mwisho hadi mwisho.

— Chui iko, Mbuzi iko, alisema. Tunangoja nani tena?

Babu aliomba maji. Mafuta ya mabehewa hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo Mama Germaine alimletea majivu, naye akasugua mikono muda mrefu, mgongo amewapa. Aliporudi, Mumba alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake. Ushanga ule ninao mimi. Una alama nyeusi ya kidole gumba.