Mstari wa Ngeu Karakanani

Niinueni kidogo. Hapana, nilazeni tena, mgongo wangu leo haupati pa kutulia. Sikilizeni wanangu, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama mdai, kaa chini. Asubuhi mlidhani nimelala, kumbe niko macho: nilisikia kamba ya kuchorea mstari ikipigwa karakanani, nikajikokota na ukuta mpaka pale, nikaona mstari wa ngeu umekatiza sakafu nzima, msumeno mkubwa huku, meza ya randa kule, na ninyi wawili mmesimama kila mtu upande wake, vidole vyekundu. Mnagawana karakana ya mtu anayepumua, na dada yenu hamkumwachia hata pa kuweka mguu.

Baba yenu mkubwa, ndugu yangu wa toka nitoke, alipiga mstari kama huo uani kwa marehemu baba yetu, kisima kikabaki kwake. Tukawa tunapishana njiani kama hatukunyonya ziwa moja, na siku nilipouvuka nilikwenda kumwosha maiti. Ngeu ni ya kuongozea msumeno, si ya kupasulia ndugu. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na yule mwenye duka la mbao keshaanza kuulizia kiwanja.

Dada yenu ndiye aliyeshuka nami korongoni kuchimba ule udongo wa manjano wa kutengenezea ngeu, akauchekecha, akauchoma kikaangoni mpaka ukageuka mwekundu, hata watoto wa mtaa wakambandika jina hilohilo, Ngeu, naye akaitika. Nilipolala kitandani ninyi mkabaki kubishana. Yeye akamalizia milango ya shule. Basi karakana ni yake, nzima, haikatwi. Jana nilimwambia mbele ya jirani yetu fundi cherehani, akanijibu, "Baba, sitaki kubaki peke yangu mle ndani." Kwa hiyo mtafanya kazi naye, yeye akiwa mbele, na asiyetaka achukue vyombo vyake vya mkono aende salama, ila asiende na kinyongo.

Mkubwa, usiinamishe uso, sikuchukii. Maji... basi, yatosha. Fungueni dirisha. Sanduku langu la kuzikiwa msilinunue. Mbao ziko darini, kavu. Nipimeni sasa, wote watatu, ningali naweza kunyoosha miguu. Mkubwa, shika huku kichwani. Mdogo, miguuni. Mungu awape riziki ya... ya mkono mmoja, awazibe masikio msisikie... msisikie wachochezi. Haya Ngeu, mama, soma kipimo. Kwa sauti... soma tena, mwanangu, sikusikia.