Nani Kampa Nyangi Kofia Nyeupe

Kijiwe cha Silasi pale Nyasura, mjini Bunda, ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, birika lililokalia mkaa, na sinia la kashata ambalo Silasi hulifukuzia nzi kwa gazeti la wiki iliyopita. Ng'ambo ya barabara kuna jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu huu malori yamepanga foleni mpaka karibu na kanisa. Kijiwe kina watu watatu wasiokosekana. Wenceslaus, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, huitwa Katiba kwa sababu hata bei ya nyanya huitafutia ibara. Gody wa bodaboda huitwa Taarifa, na sababu mtaiona wenyewe. Wa tatu ni Mugeta, fundi wa mashine wa jineri, ambaye huitwa Sikio: mashine ikikohoa, yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akatulia kidogo, kisha akakwambia beringi ipi inaumwa. Mchana ule wa Alhamisi, Sikio alikuwa na uso wa mtu aliyelalia mwiba.

Sababu ilijulikana Bunda nzima, au tuseme nusu yake. Jumatatu asubuhi meneja aliwakusanya wafanyakazi uwanjani, akamvika Nyangi kofia nyeupe, kofia ya msimamizi wa zamu. Nyangi huyo ni mwanamke wa Bukima, ana miaka minne tu jineri, na karibu yote ameimalizia kwenye mizani ya kupimia pamba inayoingia. Sikio ana miaka kumi na nne. Kofia ile alikuwa ameshaivaa moyoni tangu msimu uliopita, na mkewe Rhobi alishawadokezea wenzake wa jumuiya kwamba mambo yako njiani. Sasa alikuwa na wivu. Tuuite jina lake, tusiupake sukari.

Mfukoni alikuwa na karatasi za mistari. Meneja alikuwa anaondoka jioni ile kwenda Mwanza kupeleka majina yakathibitishwe, kwa hiyo barua ya malalamiko ilitakiwa iwe mezani kwake kabla ya kengele ya saa nane. Ikichelewa, Nyangi ndiye bosi wake mpaka azeeke.

Sikio: Andika, mzee wangu. Anza na miaka kumi na nne.

Katiba: Barua haianzagi na miaka, mura, kijana wangu. Inaanza na anwani.

Taarifa: Kwanza tujue amepataje. Mimi nawabebaga watu wa ofisini, najua. Nyangi na meneja wanasalimianaga kwa kilugha. Ni ndugu hao.

Katiba: Meneja ni mtu wa Moshi.

Taarifa: Basi amejifunza.

Katiba aliandika anwani kwa mwandiko wa mahakamani, herufi zimeinama zote upande mmoja. Silasi akamimina vikombe vya pili. Yeye Silasi huwa hasemi sana. Anasema kahawa ndiyo inayomsemea.

Ndipo ikaja habari ya semina. Mwezi wa nne Nyangi alipelekwa Musoma siku tatu, semina ya uongozi mahali pa kazi, akarudi na cheti pamoja na faili la bluu. Wiki ileile aligawa vikaratasi kwenye mkutano wa zamu, akaomba kila mtu aandike kinachomleta kazini ukiacha mshahara. Sikio aliandika neno moja, kwa herufi kubwa: MSHAHARA. Alitaka watu wacheke, na wapo waliocheka. Nyangi alikisoma kile kikaratasi, akakikunja vizuri, akakiweka pamoja na vingine. Angekasirika ingekuwa afadhali. Sikio alirudi kwenye mashine yake akiwa na aibu asiyojua imeingilia mlango gani.

Sikio: Uongozi gani wa kufundishwa siku tatu? Mimi nimekaa pale mpaka panya wa stoo wananijua.

Katiba: Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye kajitembeza mpaka Musoma. Wewe ulikuwa umekaa hapa.

Sikio: Sasa mzee, hapo unanitetea au unanimaliza?

Katiba: Nakutetea kisheria.

Taarifa akasogea, na anaposogea namna ile ujue anapanda mlima wa maneno. Alisema kuna abiria wake, dada mmoja wa hoteli, aliyeona kwa macho yake mambo ya hizo semina. Watu wazima wanafumbishwa macho, wanaambiwa wavute pumzi, wajione wako mbele ya watu wengi. Halafu wanapewa maji ya chupa, na chupa zimeshafunguliwa. Ndani ya maji mna kitu. Ukiyanywa, kuanzia siku hiyo ukisema jambo watu wanakubali.

Silasi: Nyangi alikuwa anakubaliwa hata kabla ya semina. Wale wa mizani walikuwaga wanamsikiliza tu.

Taarifa: Basi alikunywa mapema.

Hapo Silasi alikuwa amegusa kidonda bila kujua. Kilichomuuma Sikio kuliko hata kofia ni wale wabeba marobota. Kwa miaka kumi na nne wamempita na salamu ya kichwa tu, huku mabega yao yakiwa meupe kwa pamba. Lakini Nyangi akipita wanasimama. Wanamweleza mtoto anaumwa, nyumba imeezuliwa na upepo, mzee wa kijijini amezidiwa. Naye anajua majina yao yote, na kesho yake anauliza, mtoto ameamkaje. Sikio alikuwa ameyaona hayo kwa dirisha la nyumba ya mashine, akajiambia ni unafiki. Kisha akajikuta anasimama dirishani kila siku, saa ileile, kuhesabu waliosimama.

Katiba naye hakutaka kupitwa na mtu wa bodaboda. Alisema suala lenyewe ni la kitaifa. Vyeti vile vina namba, na namba zinakwenda Dodoma. Serikali inawajua wote waliosoma semina, inawaweka akiba. Leo Nyangi kapewa zamu, mwakani atapewa jineri, mwaka wa tatu utamsikia ni mkuu wa wilaya, na hakuna wa kuuliza kwa sababu ipo ibara inayoruhusu, ingawa namba yake ilikuwa imemtoka kidogo.

Taarifa: Mzee, umefika mbali lakini hujafika. Huyu mama kwao ni wapi?

Sikio: Bukima.

Taarifa: Bukima wanafanya nini?

Sikio: Wanavua. Na kulima.

Taarifa: Wanavua. Sasa unganisha mwenyewe. Wanataka kuigeuza jineri iwe kiwanda cha sangara. Wanaanza kwa kumweka mtu wao wa samaki, taratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja utaingia kazini utakuta barafu.

Sikio alijua ni upuuzi. Alijua, na bado aliuonea raha, maana mwenye wivu hachagui chakula. Aliona kwa akili yake mashine yake imeng'olewa, visu vyake vinakwangua magamba, akamchukia Nyangi kwa jambo ambalo Nyangi hajalifanya wala hatalifanya. Kidogo moyo ukapoa.

Katiba alirudisha kalamu kwenye karatasi. Barua ilikuwa na miaka kumi na nne, ilikuwa na nidhamu, ilikuwa na sentensi moja ndefu kuhusu haki ambayo mwenyewe aliisoma mara mbili kwa furaha. Lakini alisema inakosa ushahidi. Mahakamani mtu hasemi tu mimi ni muhimu. Analeta kielelezo.

Sikio: Kielelezo kipo. Mwaka jana, ule msiba wa kule Murangi.

Katiba: Ulikuwaje?

Sikio: Nilienda kumzika baba mdogo. Nikakaa siku mbili tu. Na siku mbili hizo mashine ilisimama, mzee. Kimya. Malori yalifika mpaka lami. Meneja alikuwa ananipigia simu mpaka makaburini.

Katiba: Hicho ni kielelezo kikubwa. Hakuna mwingine anayeijua?

Sikio akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akawaeleza kwa raha jinsi alivyoilinda kazi yake. Yeye mwenyewe alifundishwa na fundi mmoja mzee aliyekuwa akifika kwenye jambo lenyewe anamtuma akalete maji, na akirudi na maji anakuta kofuli limefungwa kwenye kifuniko cha mashine na jambo limekwisha. Ilimchukua miaka mitano kuiba ule ufundi kwa kuchungulia. Basi na yeye akaushika utaratibu huohuo. Amepewa wasaidizi watatu. Wa mwisho alikuwa Enos, mtu mzima, baba wa watoto wanne, ana mikono mizuri. Kila walipofika kwenye kurekebisha visu na rola, Sikio alimtuma grisi. Enos alileta grisi misimu miwili. Siku moja alikwenda kuleta grisi hakurudi, na sasa anashona viatu sokoni.

Taarifa: Hapo ulicheza, kaka. Mganga hajigangi.

Katiba hakuona kosa katika methali wala katika habari yenyewe. Aliandika kwa herufi zilizoinama kwamba mwombaji ndiye mtu pekee anayeijua mashine, na asipokuwepo kazi yote husimama, kama ilivyothibitika wakati wa msiba. Akapiga mstari chini ya neno pekee.

Wakati huo alifika dereva mmoja wa lori, mnene, kajifunga taulo shingoni kwa joto. Alisema anaitwa Mashimba, anatoka upande wa Bariadi na mzigo wa pamba, amelala foleni tangu jana, na akaomba kahawa isiyo na maneno mengi. Silasi akammiminia. Kijiwe hakikumwonea haya mgeni; Katiba alimwambia kuwa amefika wakati mzuri, kuna waraka unatoka, akili ya mtu wa nje inaweza kusaidia. Akasafisha koo, akaisoma barua yote kuanzia anwani.

Mashimba alisikiliza kwa heshima, kikombe kimesimama hewani. Sentensi ya haki ilimpita kidogo, lakini ile ya mashine aliomba isomwe tena. Katiba akaisoma tena, kwa sauti ya hukumu.

Mashimba: Kwa hiyo ndugu yangu ndiye wewe mwenyewe fundi.

Sikio: Ndiye.

Mashimba: Hongera. Ni kazi kubwa hiyo. Mimi sina ubaya na mtu, naulizia tu gari langu. Ukipewa hiyo kofia nyeupe leo, kesho mashine anaishika nani?

Katiba aliitazama barua yake kama inaweza kuwa na jibu nyuma ya ukurasa. Taarifa, ambaye hajawahi kukosa taarifa, akaanza kufuta kioo cha pikipiki kwa kiwiko.

Sikio alifungua mdomo ataje jina. Alikuwa na uhakika lipo. Akamfikiria yule msaidizi wa kwanza, ambaye hata jina lake lilikuwa limemtoka; akamfikiria wa pili, aliyehamia Tarime; akamfikiria Enos na mikono yake mizuri. Halafu, bila kutaka, akamfikiria Nyangi. Jumatatu alivikwa kofia saa tatu, na kabla ya saa nne Yunis, mwanafunzi wake wa kupima, alikuwa amekaa kwenye mizani, anapima, anaandika, anamwambia mkulima arudi nyuma kidogo. Yunis akienda kula, Dorotea anakaa. Mizani haikusimama hata kwa lori moja. Sikio mwenyewe aliliona hilo dirishani na hakuliona kuwa ni jambo.

Wivu ulimrudia, ila haukuwa ule wa mwanzo. Kofia ilikuwa imetoka ndani yake kabisa. Alimwonea wivu Nyangi kwa sababu alipoitwa mbele, aliweza kuondoka pale alipokuwa. Yeye alikuwa amejifungia ndani kwa kofuli lake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, akijisifu kwamba ufunguo anao peke yake.

Kengele ya saa nane ikalia. Ng'ambo ya barabara kofia nyeupe ilionekana getini, na wabeba marobota wawili walikuwa wamesimama kuizungumzisha.

Katiba: Unaweka sahihi yako hapa, au tuongeze neno?

Sikio aliichukua barua, akaikunja bila sahihi, akaitia mfukoni. Silasi aliliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa matone mawili, akasema kahawa imekwisha. Mashimba alikuwa bado anamtazama Sikio kwa upole, anasubiri atajiwe mtu.