Sista Mashudu Anajifunza Kiafrikana

Benchi letu linatazamana na zahanati, hapa Garies, Namaqualand, Afrika Kusini, na mimi Mieta niko pembeni yake na makaa yangu, birika la kahawa na mikate ya kuchoma. Wanaokaa ni wale wale. Meester Cloete alifundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, na bado anatusahihisha. Stoffel tunamwita Redio, na sina haja ya kueleza. Wa tatu ni Fielies, dereva wa zamani wa malori ya kondoo, ambaye leo alikuwa anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, mpaka benchi likaanza kulia. Mkewe, Tant Siena, alikuwa ndani kwa Sista Mashudu, muuguzi wetu. Majibu ya kipimo cha kivimbe cha titi lake yalifika asubuhi kutoka hospitali ya Springbok, na alimkataza mumewe kuingia, eti atamchanganya. Sasa huyo Sista ni Mvenda, ni mgeni kabisa hapa, Kiafrikana anakiokota kwetu saa ya chai. Na Tant Siena lugha nyingine hana.

— Mmemfundisha nini mpaka leo? Fielies akauliza.

— Kitenzi, akasema Meester. Kitenzi chetu hakibadiliki. Mimi loop, wewe loop, wao loop, wote tunatembea kwa neno moja. Mtoto mdogo anaweza.

— Uvivu huo, akadakia Redio. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatukutaka kuinama.

— Redio, kunywa kahawa, nikamwambia.

— Na kukataa je? Fielies akasema. Kukataa anajua?

— Anajua. Unaweka nie mbili. Ukitaka kusema huli nyama, nie ya kwanza inakaa kabla ya nyama, ya pili inakaa baada yake.

— Mbili za nini, Meester? Mtu akiambiwa hapana mara moja si amesikia?

— Wewe dereva wa kondoo ndiye unauliza? Redio akacheka. Nie ya kwanza unafungua geti, ya pili unalifunga. Ukiisahau ya pili, maana yote inatorokea milimani.

— Upuuzi, akasema Meester. Ni upepo. Huku kwetu upepo unabeba neno la kwanza, ndiyo maana tunaweka la akiba.

— Akiba gani, akasema Redio. Babu yangu ndiye aliyeianzisha. Alikuwa kiziwi, bibi akimkatalia jambo lazima arudie. Damu nzito kuliko maji, Meester.

Fielies hakucheka. Aliinuka, akautazama mlango wa zahanati, akakaa.

— Na kupunguza? Siena anapenda kupunguziwa maneno. Kakahawa, kamkate. Mmemfundisha hilo?

— Hilo limetoka mashambani, akasema Redio. Mwenye shamba ukimwomba mkate hakupi. Ukimwomba kamkate anakupa, na anajiona mtu mwema. Tukazoea. Siku hizi kila kitu ni kadogo, hata jeneza ni ka...

Nikamkanyaga mguu. Kwa kweli nilitamani kumpiga na koleo.

— Kusema mambo yaliyopita ndiyo bado hajui, Meester akasema haraka haraka. Leo nitamfundisha. Ni rahisi mno. Unabandika ge mbele ya kitenzi, basi, kila kitu kimeshapita.

— Kila kitu?

Meester akaangalia ndani ya kikombe chake.

— Kwa kanuni, Fielies. Nasema kwa kanuni tu.

Mlango ukafunguliwa. Sista Mashudu akatoka peke yake, akavuka barabara taratibu. Hapa kwetu habari njema mtu anaipigia kelele akiwa bado ng'ambo, na huyu alivuka kimya.

— Habari za asubuhi, Oom Fielies. Tant Mieta, naomba kahawa.

Kahawa yangu hajawahi kuinywa, yeye ni mtu wa chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Oom, huko kwa Oom mvua imenyesha?

Kiafrikana chake kilikuwa kimenyooka, na heshima yote ilikuwa mahali pake: kwetu mzee haambiwi wewe, anatajwa Oom, yaani mjomba, mpaka mwisho wa sentensi. Meester hakuwa na la kusahihisha. Namaqualand yote inajua kwamba mwenye habari mbaya haanzi nayo. Anaomba kahawa kwanza, anauliza mvua. Hakuna kitabu kinachofundisha hilo, na sisi pia hatukumfundisha.

— Nani kakuambia uulize hivyo, mwanangu? Meester akamwuliza polepole.

— Tant Siena. Amesema nikifika kwa Oom, nianze na mvua.

Fielies akavua kofia, akaiweka magotini, akasogea ili binti apate pa kukaa.

— Bado, mwanangu. Haijanyesha. Haya, endelea.