Mkupuo Alioukataa Idwal

Kwenye basi la mji wa Neath, fundi wa kiwanda cha chuma alimfunulia barua bibi kizee aliyekaa naye. “Mama, nikiiacha pensheni ya kila mwezi, wananipa pauni laki nne kwa mkupuo!”

Basi zima likageuza shingo. Laki nne hazipandi basi letu kila siku.

“Hata marehemu mume wangu, Idwal, aliletewa mkupuo,” bibi akasema. “Akaukataa. Mwaka haukuisha, akafa.”

“Ala! Si alipunjika huyo?”

“Yeye alipunjika, mwanangu. Mimi aliniacha na miaka hamsini na minane. Leo nina tisini na minne, na nusu ya pensheni yake, fungu la mjane, haijakosa kuingia hata mwezi mmoja. Bado ananilisha.”

Basi likasimama, bibi akashuka polepole na kikapu chake kimejaa. Fundi akabaki ameikodolea macho barua. Kituo kile kilikuwa changu pia, nilisahau kushuka.