Seva Imekidhi Masharti, Arlys Haugrud Anaondoka

Meneja wa Ushirika wa Simu wa Solberg Lake, Colleen Stadsvold, alithibitisha Jumatatu, Mei 19, kwamba seva mpya imekidhi masharti yote ya kusimika programu ya kusimamia mtandao. Kwa hiyo Arlys Haugrud, fundi wetu wa mtandao kwa miaka thelathini na minne, anastaafu Ijumaa, Mei 30, 2025.

Hii ni tarehe ya nne kutangazwa. Keki ya tarehe ya kwanza tuliila, kesho yake Arlys akaja kazini kama kawaida. Ya pili vilevile. Ya tatu hakuna aliyejisumbua kuoka.

Sababu ni moja. Mfumo wetu wa zamani wa tahadhari, uliowekwa mwaka 1998, una nafasi ya namba moja tu ya simu, nayo ni ya Arlys. Mnara ukizimika popote katika kaunti hii, simu yake hulia. Imelia kanisani. Imelia ziwani, yeye akiwa kwenye kibanda cha kuvulia juu ya barafu na samaki ameshika ndoano. Imelia kwenye harusi ya binti yake, baada ya kiapo na kabla ya pete, naye akatoka kwa mlango wa pembeni. Mumewe, Delmar, huwaambia wageni, "Mimi nilioa simu, jamani. Huyu mama alikuja nayo."

Alianza mwaka 1991 kwa kupanda nguzo za waya wa shaba. Alikuwapo nyuzi za kioo za mtandao zilipofukiwa ardhini, na aliwafundisha mafundi wote watano tulionao sasa. Dhoruba ya mwaka 1997 ilipoangusha nguzo upande wa kaskazini, alirudisha simu za wazee wa nyumba ya matunzo kwanza, za ofisi yetu mwisho. Meneja wa wakati ule alinuna. Arlys alimpelekea supu ya mchele-mwitu, na mambo yakaishia hapo.

Programu mpya hufunguliwa kwenye kivinjari kama ukurasa wowote wa wavuti, huonyesha kila kifaa kwa rangi ya kijani kikiwa kizima au nyekundu kikizimika, na hupiga simu kwa watu wengi kadiri tutakavyo. Bodi iliikubali miaka miwili iliyopita. Kilichobaki kilikuwa seva ya kuiwekea.

Watengenezaji wametoa jedwali la masharti. Safu ya kwanza ni ya mtandao wenye vifaa visivyozidi mia moja: kumbukumbu gigabaiti nane, diski ndogo. Safu zinazofuata hupanda kwa kadiri ya vifaa. Mwenyekiti wa bodi, Wendell Kopischke, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alihesabu minara yetu, akapata kumi na minne, akachagua safu ya kwanza. Hapa kwetu hakuna anayenunua zaidi ya alichoambiwa kinatosha, na hakuna anayempinga mwenyekiti mezani. Arlys alisema tu, "Haya, tutaona," na kwa watu wa hapa huko ni kupiga kelele.

Tuliona. Programu ilikwenda vizuri hadi visanduku vyote vya mtandao vya nyumba za wateja vilipoingizwa, zaidi ya elfu tatu, kila kimoja kikihesabiwa kifaa. Ukurasa ukaganda mchana wa dhoruba ya kwanza ya theluji, minara miwili ikiwa imezimika nao unaonyesha kijani kitupu. Simu ya Arlys ililia. Tarehe ya kwanza ikafa.

"Kwa hiyo nilihesabu mabanda, ng'ombe sikuwahesabu," alisema Wendell.

"Na ng'ombe ndio wanaokula, Wendell," alijibu Arlys.

"Ungeniambia basi, dada!"

"Ningekuambia, ungenipa kahawa, halafu ungenunua ileile."

Mara ya pili kumbukumbu iliongezwa, lakini kompyuta za mafundi wa zamu tulizonunua kwenye mnada wa shule zilikuwa na vivinjari vya zamani mno, ukurasa ukafunguka mweupe. Mara ya tatu kosa lilikuwa la Arlys mwenyewe: aliiacha seva bila anwani ya kudumu ya mtandao. Umeme ulipokatika na kurudi, seva ilipata anwani nyingine, na vifaa vyote vikaendelea kutuma taarifa kwenye ile ya zamani. "Hilo ni langu," alisema, akavua koti alilokuwa ameshalivaa.

Safari hii Pa Houa Thao, anayechukua nafasi yake, alilisoma jedwali kwa sauti mbele ya bodi, safu kwa safu, kisha akauliza kila mjumbe ana ng'ombe wangapi. Seva kubwa ilinunuliwa bila kura hata moja ya kupinga. Imefanya kazi kwa wiki sita, vifaa vyote vikiwa ndani.

Arlys amekataa saa ya ukutani na amekataa hotuba. Tunamshukuru kwa kazi, na kwa miaka ya chakula kilichopoa mezani kwa ajili yetu. Tunamtakia mlo wa moto hadi kijiko cha mwisho, na samaki ambao hatalazimika kuwaachia.

Wafanyakazi wote wanakaribishwa ukumbini Ijumaa, Mei 30, saa nane mchana, kwa kahawa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Saa tisa Pa Houa atauchomoa mfumo wa zamani, kisha atakata umeme wa mnara wa majaribio. Simu yake inatakiwa kulia, na ya Colleen. Ya Arlys itakuwa mezani, karibu na sahani yake. Isipolia, ataruhusiwa kwenda nyumbani.